Mafunzo ya Ulaya yalinifundisha kukataa kahawa kwenye interview. Yaliyonikuta hapa Muscat

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote, mliopo makazini mkijifanya mna kazi na mliopo majumbani mkijifanya mnatafuta.

Najua humu mtu akileta kisa anaambiwa analeta chai. Hii si chai, ni kahawa, na imenitokea mie mwenyewe. Anayetaka kuamini aamini, asiyetaka apite kimya kimya.

Kwanza mnijue kidogo. Mie mzaliwa wa Muscat, naishi Sib, si mbali na soko. Babu na bibi walitoka Unguja, kwa hivyo nyumbani tunaongea Kiswahili, na Kiarabu kinaingia kinapotaka. Mkikuta "mie" na "nna" msinisahihishe, ndivyo nilivyolelewa.

Nna degree ya biashara. Tangu niipate nimekuwa mtu wa mafunzo.

Yaani huku hatuna vijana wasio na kazi, wakuu. Tuna vijana walio mafunzoni. Nimesoma kuandika CV. Nimesoma soft skills. Nimesoma uongozi, kumuongoza nani hawakusema. Nimesoma ujasiriamali kwa mwalimu ambaye hajawahi kuuza hata ubuyu. Mama alikuwa akizitia certificate kwenye fremu na kuzitundika sebuleni, mpaka ukuta ukajaa. Sasa zinakaa nyuma ya kabati zinakula vumbi.

Jirani akiniona anauliza, "Bado uko mafunzoni?" Kwa sauti ile ile anayomuulizia mgonjwa.

Ningeweza kuishi hivyo, sisemi uongo. Lakini nimechumbia.

Anaitwa Rahma, mwalimu wa shule ya msingi, kwao Qurayyat. Babake ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache. Tulipokwenda kuposa alisema, "Kijana sina baya naye. Siku akipata kazi nambieni, tupange harusi." Basi. Hakupiga kelele, hakunidharau. Ila siku zikawa zinakwenda, na mashangazi wa Rahma wakaanza kumtaja taja binamu mmoja aliyeajiriwa benki. Rahma mwenyewe hakuniambia neno juu ya huyo binamu. Nilisikia kwa watu, na ile kwamba hakuniambia iliniuma kuliko binamu mwenyewe.

Ndipo likaja tangazo.

Programu mpya, wataalamu kutoka Ulaya. Mambo matatu kwa mpigo: ajira kwa vijana, elimu kwa watu wazima, na ubunifu mahala pa kazi. Na safari hii, wakasema, makampuni yaliyojiunga yatatoa nafasi za kweli mwisho wa kozi. Nikajiandikisha kabla sijamaliza kusoma.

Darasa lilikuwa ukumbi wa hoteli moja karibu na uwanja wa ndege. Nusu tulikuwa vijana wa mafunzoni, wale wale, tunajuana kwa majina kutoka kozi zilizopita. Nusu walikuwa watu wazima walioletwa na makampuni yao waje "kuhuishwa". Aliyekaa mbele yangu ni Bi Salama, karani wa muda mrefu, amebakisha kidogo astaafu. Wamemleta ajifunze kuwa mbunifu. Bi Salama alitoa kofia kwenye mkoba, akaishona chini ya meza tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho. Ikatoka kofia nzuri sana. Ndiyo bidhaa pekee iliyotoka kwenye kozi ile.

Ubavuni mwangu alikaa Hilal. Huyu mumkumbuke. Hilal kazi yake ilikuwa kulala. Halali kwa siri, anaegemea kabisa, anaweka kilemba vizuri kisianguke, anakwenda zake usingizini.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kizungu, jina lake Lukas. Mpole, mchangamfu, ngozi imeshawiva na jua letu. Alipenda kutuonyesha picha za ofisi za kwao: hakuna meza, hakuna viti, watu wamekaa chini juu ya mito mikubwa, wamezunguka, wanazungumza. Alisema huo ndio ubunifu mahala pa kazi. Ukimkalisha mtu chini anajihisi sawa na mwenzake, na mawazo yanatoka.

Nilirudi nyumbani nikamuonyesha bibi ile picha kwenye simu. Akaitazama muda mrefu.

"Wamekaa chini," akasema.

"Naam bibi, ndiyo ya kisasa."

"Sie tulikuwa tukikaa chini siku zote. Mkaja nyie na makochi, mkasema kukaa chini ushamba. Leo mnalipia kufundishwa kukaa chini?"

Nikazima simu.

Sasa kuna jambo moja la darasani mlishike, maana litarudi. Lukas alikuwa na vikaratasi vya njano vya kubandika. Ukiuliza swali gumu, hagombi wala halikatai. Anatabasamu, anasema "swali zuri sana", analiandika kwenye kikaratasi, analibandika ukutani, anasema tutalirudia. Ule ukuta ulikuwa na maswali yetu yote ya maana. Kiyoyozi kikipuliza yanapeperuka, yanaanguka moja moja, jioni wafagiaji wanayazoa.

Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza, "Mwalimu, wewe ulipataje kazi yako ya kwanza?"

Akatabasamu. Swali zuri sana. Kikaratasi. Ukutani.

Lakini wakati wa mapumziko alinifuata nje na kikombe chake, akaniambia ukweli. Kwao vijana wamejaa mitaani na degree zao kama sisi. Yeye ana mbili. Amefanya kazi za kujitolea mpaka amechoka, amesoma kozi za watafuta kazi mpaka akawa anawasahihisha walimu. Halafu ikatokea programu hii inahitaji mtu wa kuja Oman.

"Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza," akasema.

Wakuu, yaani mtu aliyekosa kazi kwao ameletwa kwa ndege kuja kutufundisha sisi kupata kazi. Na hivyo ndivyo alivyopata kazi. Nilimpenda zaidi siku ile, kusema kweli. Nilijua sasa tuko wote.

Wiki ya mwisho ilikuwa ya interview. Hapo Lukas alikuwa mkali. Kanuni zake tuliziimba kama watoto wa chuo cha Qur-ani.

Dakika moja ya mwanzo ndiyo inayoamua, usiipoteze kwa maamkizi. Mtazame mwajiri machoni, usimwachie. Usizungumze habari za ukoo wala familia, zungumza uwezo wako. Ukikaribishwa kinywaji, kataa kwa adabu, mikono yako iwe huru na akili iwe kwenye mada. Halafu mwambie matatizo ya kampuni yake, umuonyeshe kwamba wewe ndiye dawa.

Mie nilikaririshwa nikakariri. Nilisimama mbele ya kioo nikijisifu kwa Kiingereza kila siku. Bibi alipita akauliza, "Huyo unayemsifu nani?"

"Mie mwenyewe, bibi."

Akasema "Inshaallah" na kwenda zake jikoni.

Tukapangiwa. Mie na Hilal tulipelekwa kampuni moja ya vipuri na matengenezo ya viyoyozi, Wadi Kabir, ofisi yao juu, gereji chini. Nafasi moja, watu wawili. Cheo: Mratibu wa Ubunifu. Nilipomtazama Hilal anapiga miayo kwenye gari nilihisi huruma. Nikasema moyoni, masikini, bora angebaki nyumbani.

Mwenye kampuni ni Bwana Khalfan. Mtu mzima, kanzu nyeupe pe, goti moja linamsumbua. Na yeye asili yake Unguja, nilimjua kwa Kiswahili chake alipofungua mlango.

"Karibu mwanangu, karibu. Pita."

Na wakuu, mzee yule hakumuita mtu wa kumhudumia. Alisimama mwenyewe na goti lake, akashika dele la kahawa mkono wa kushoto, kikombe kidogo, kifinjani, mkono wa kulia, akamimina kahawa, akaninyooshea. Tende zilikuwa mezani zimeshafunuliwa.

Nikainua kiganja.

"Shukran, hapana. Ningependa tuanze na mada."

Mkono wake ukabaki pale pale hewani na kile kifinjani.

Sasa kwa wasiojua, ngoja niwaeleze. Huku mgeni hakatai kahawa ya mtu. Unapokea, unakunywa hata funda, ukitosheka unakitikisa kifinjani na mwenyewe anaelewa. Mgeni asiyegusa kikombe ni mgeni aliyekuja na shauri zito. Ana dai, ana kinyongo, au kuna kosa limefanyika baina ya watu wake na watu wako, na hanywi mpaka lisikilizwe. Hili mtoto mdogo wa hapa analijua. Mie nilikuwa nalijua. Nimekulia ndani yake. Ila nilikuwa nimeshatoka mafunzoni, kichwa kimejaa kanuni, cha kwetu hakikupata pa kukaa.

Bwana Khalfan akaketi taratibu. Akakiweka kifinjani chini.

"Kwenu ni kwa nani, mwanangu?"

"Ningependa nisizungumze ya kwetu. Nimekuja kuzungumza mie nilichonacho."

Akanitazama. Na mie nikamtazama, sikumwachia, kama nilivyofundishwa. Mzee mwenye umri wa kunizaa, namkazia macho kama askari wa barabarani.

"Haya," akasema kwa sauti ndogo. "Sema lililokuleta."

Basi nikafungulia. Kwa Kiingereza. Nikamwambia kampuni yake ina matatizo. Nikamwambia mawasiliano mabovu, mfumo wa kizamani, viongozi hawasikii. Nikamwambia, na hili mnisamehe, kwamba wakati mwingi unapotea kwenye kahawa. Dele liko mbele yake bado linatoa moshi.

Nilipomaliza alifunika tende. Halafu akasema, "Nimekusikia. Msalimie bibi yako Bi Zuhura. Jina lako nililisoma kwenye karatasi nikajua wewe wa kwao, nilitaka tu ukutaje mwenyewe."

Wakuu, nilitoka pale naelea. Nilimwambia Lukas kwenye simu nimeua. Akashangilia. Nikampigia Rahma, nikamwambia safari hii hatuikosi, na alicheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Hilal aliingia baada yangu. Alikaa mpaka nikahisi kalala humo humo.

Jioni ile, baada ya magharibi, simu ya bibi ililia. Nikamsikia sebuleni: "Naam. Naam Khalfan. Nani? Mjukuu wangu? Astaghfirullah."

Aliponiita alikuwa ameketi wima. Bibi akikaa wima ujue umekwisha.

"Umekataa kahawa ya Khalfan?"

"Bibi, ile interview, mwalimu alisema..."

"Mamaake Khalfan na mie tulipofika nchi hii tulilala chumba kimoja, Matrah, nguo zetu sanduku moja. Leo mwanawe ananipigia simu sauti inamtetemeka, ananiuliza, Bi Zuhura, nimekukoseeni nini? Anasema umekwenda kwake, kahawa hukuigusa, kwenu hukutaja, ukamtolea macho na kumsomea makosa yake kwa Kizungu. Usiku huu anajiuliza alimdhulumu nani katika sisi."

Nilitamani sakafu inimeze. Aibu niliyoisikia pale sijawahi kuisikia tena. Nilitaka kumueleza habari ya dakika moja na mikono iwe huru, lakini maneno yale, ukiyasema mbele ya bibi kwa Kiswahili, hayasimami hata kidogo.

Kesho yake alasiri tulikwenda nyumbani kwa Bwana Khalfan. Mie, mama, bibi na haluwa. Si kuomba kazi. Kuomba radhi.

Akatupokea vizuri. Akamimina kahawa. Nikapokea kwa mkono wa kulia, nikanywa. Akamimina tena, nikanywa. Nilikuwa na hofu kubwa, hata kukitikisa kifinjani niseme basi nilishindwa, nikaona nitamkosea tena. Nikaendelea kunywa mpaka bibi akanifinya paja.

Nikamueleza yote. Mafunzo, Lukas, kanuni, kioo. Bwana Khalfan alisikiliza, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kilemba. Nikapata tamaa kidogo, nikasema labda.

"Na yule mwenzangu, Hilal?" nikauliza.

"Hilal ameanza kazi leo asubuhi," akasema. "Alikunywa kahawa, akala tende, akaniuliza hali ya goti. Goti likatupeleka mpaka adhuhuri. Mwisho nikamuuliza, mwanangu, huu ubunifu wenyewe nini? Akanambia hajui. Nikamwambia hata mie sijui, nimelazimishwa tu niwe na mtu wake. Tukaelewana."

Mwaona mambo. Mtu kalala kozi nzima na ndiye pekee aliyetoka nayo salama, kwa sababu hakuna kilichomuingia.

Nilivyompigia Rahma kumwambia, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Sawa." Sawa ile ilinivunja. Nilikaa ufukweni Sib mpaka jua likazama, sitaki kurudi nyumbani kuona zile fremu.

Sasa subirini, maana Mungu ana yake.

Baada ya muda Bwana Khalfan akanipigia. Kumbe yeye ni mjumbe wa kamati ya ile programu. Mkataba wa Lukas umekwisha, amerudi kwao, na wanataka mtu wa kuendesha kozi inayofuata. Mtu anayewajua vijana wa hapa, mwenye uzoefu mrefu wa mafunzo.

Uzoefu mrefu wa mafunzo. Wakuu, kwa hilo nchi nzima hanifikii mtu.

Nikakubali kabla hajamaliza sentensi. Nikamtumia Lukas ujumbe kumpa habari. Akafurahi kwa dhati, akanambia na yeye kwao wamemuandikisha kozi. Ya watafuta kazi. Wanamfundisha kuandika CV.

Ijumaa ile nikaenda Qurayyat, nikakaa mbele ya babake Rahma, nikanywa kahawa yake yote.

"Nimepata kazi, ami."

"Alhamdulillah. Kazi gani?"

"Nawafundisha vijana namna ya kupata kazi."

Akafikiri.

"Na wakishafundishwa wanapata?"

"Kozi iliyopita alipata mmoja."

"Mashaallah. Huyo ndiye aliyekuwa akisoma sana?"

"Huyo ndiye aliyekuwa akilala."

Mzee akaitazama mitende ya uani kwa muda. Nikasema hapa harusi imekwenda na maji. Kisha akasema, "Mshahara unaingia mwisho wa mwezi?"

"Unaingia, ami."

"Basi ni kazi. Tupange siku." Kisha akaita ndani, "Said! Njoo umuamkie shemeji yako." Akanigeukia mie, "Huyu nduguye Rahma amemaliza chuo, yupo tu nyumbani. Kamchukue kozini kwako."

Ndiyo hivyo, wakuu. Harusi ipo, mnakaribishwa kwa dua. Rahma amerudi kucheka, na mie nimevaa kitambulisho shingoni, jirani haniulizi tena kama niko mafunzoni, ijapokuwa niko mafunzoni kuliko zamani.

Nimefanya mabadiliko yangu. Nimeifuta ile kanuni ya kahawa. Somo langu la kwanza sasa ni hili: ukiingia kwa mtu, amkia, kaa, pokea ulichopewa kwa mkono wa kulia, muulize hali yake na umngoje ajibu. Wakubwa wa programu wamelipenda sana. Wamelipa jina refu la Kiingereza na wanasema watalipeleka Ulaya.

Hilal naye, nasikia, amepandishwa cheo.

Jumapili iliyopita ndiyo nimeanza. Shemeji Said amekaa mstari wa mbele, amechana nywele, ana kalamu mpya, macho yake yamejaa matumaini yale yale niliyokuwa nayo mie. Sijamaliza hata kujitambulisha, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Kabla ya hii, wewe ulipataje kazi?"

Darasa zima likashika kalamu. Nilimtazama Said, nikamfikiria dadake, nikamfikiria Lukas kwenye kozi yake huko. Nikatabasamu.

"Swali zuri sana," nikasema, nikachukua kikaratasi cha njano.

Funzo nililolipata nimeshawapa: kahawa ya mtu ikija, kunyweni, hata mkiwa mmefundishwa vingine na mtu mwenye picha nzuri. Sasa zamu yenu, hasa mlio mafunzoni kama mie na mliokwishatoka. Mwageni yenu hapo chini, ulizeni mnachotaka. Mepesi nitayajibu. Magumu nitayabandika ukutani.